Vaa viatu kwanza, ndipo ukae kazini

Ninyi mnaofanyia kazi nyumbani hapa Lubumbashi na ofisi iko Kinshasa, ile saa moja tunayowatangulia msiilalie. Kwao ikiwa saa mbili asubuhi, kwetu ni saa tatu. Mimi saa hiyo navaa viatu (viatu kabisa, si ndala), natembea hadi kwa mama anayeuza mikate pale kona, nasalimia, nasikia nani amefiwa na gunia la makala limepanda kiasi gani, halafu narudi kama mtu anayeingia ofisini. Kiti changu kinatazama ukuta. Nikikigeuza kuelekea uani, watoto wa jirani wananimaliza. Umeme ukiwepo naanza na kazi nzito, maana haujulikani utakaa mpaka saa ngapi. Barua pepe zitangoja betri.

Na kila siku mpigie mwenzako mmoja wa kazini, dakika tano tu, habari za kazi ziwe pembeni. Mwaka wa kwanza sikufanya hivyo. Nilikuja kusikia mkubwa wangu amepata mtoto wakati mtoto mwenyewe ameshajua kukaa. Niliona haya mpaka pongezi zikanikwama.