Somo: Kauli ya kutendwa kwa Kiingereza, na mtego wa "niliibiwa simu"

Kwa Kiswahili kazi ni ndogo: unachomeka -w-, andika inakuwa andikwa. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Kinataka maneno mawili, na hapo ndipo wengi hukwama.

Hatua ya 1. Tafuta yambwa, yaani kinachotendwa. Katika *The clerk wrote the letter*, kilichoandikwa ni *the letter*. Kilete mwanzo.

Hatua ya 2. Weka *be* katika wakati uleule wa sentensi ya awali. *Wrote* ni wakati uliopita, basi *was*. Ingekuwa *writes*, ungeandika *is*. *Will write* ingekuwa *will be*.

Hatua ya 3. Kitenzi kikuu kiwe umbo la tatu: *written*, si *wrote*. Hili halibadiliki, wakati uwe wowote.

Hatua ya 4. Mtenda hufuata *by*, kama "na" yetu: *The letter was written by the clerk*. Mara nyingi huachwa kabisa. Ukiona huwezi kumwacha, jiulize kama hukuwa salama zaidi na sentensi ya kwanza.

Sasa mtego. Sisi husema "niliibiwa simu", kiima ni mwenye simu. Ndiyo maana watu huandika *I was stolen my phone*, na Mwingereza anaelewa kwamba umeibwa wewe mzimamzima. Iba yetu ilipitia ibia kwanza ndipo ikapata -w-; *steal* haina njia hiyo. Andika *My phone was stolen*. "Tulinyeshewa" ni *We were rained on*, na hiyo *on* usiiangushe. "Alifiwa na baba" haigeuki hivyo kabisa: *His father died*.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, "Asha aliolewa na Juma" si Asha was married by Juma?*
Hapo umemfanya Juma shehe au kasisi aliyefungisha ndoa! Sema *Asha married Juma*. Kitenzi hicho hakijali nani kaoa na nani kaolewa.

*The accident was happened. Kosa liko wapi?*
Rudi hatua ya 1. *Happen* haina yambwa, kwa hiyo hakuna cha kuleta mwanzo. *Arrive* na *die* ni vivyo hivyo.

*Msimamizi wa tasnifu yangu hataki nitumie "I". Nifanyeje?*
Kwenye sehemu ya mbinu ana hoja: *The samples were heated*, nani aliyezipasha moto si habari. Kwenye hoja zako mwenyewe mimi ningejitaja. Wanasayansi Watson na Crick walipotangaza umbo la DNA mwaka 1953 walianza na *We*. Lakini anayesahihisha ni yeye, si mimi.

*Na "mlango ulifunguka"?*
*The door opened*. Ukiandika *was opened*, tayari kuna mtu aliyeshika kitasa.