Somo: Kuchagua Vifaa Visivyodhuru Samaki kwa Bwawa Dogo la Bustani

Bwawa ninalolizungumzia ni lile la nyumbani, lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1.5 na kina cha sentimita 60, ambalo hujaa kwa lita 1,800 hivi. Sumu ambayo ingepotea ndani ya Ziwa Viktoria, humo haina pa kwenda. Isitoshe, wengi wetu hapa Uganda hujaza mabwawa kwa maji ya mvua, ambayo ni laini mno: hayana madini ya kutosha kuzuia pH (kipimo cha uchachu wa maji, ambapo 7 ni katikati) isipande au kushuka ghafla, na katika maji ya namna hiyo sumu ya madini ya shaba na zinki huwa kali zaidi. Kwa hiyo, kabla hujauliza kama kifaa ni imara, uliza ni kitu gani kitatoka ndani yake na kuingia majini.

Hatua ya 1: Tandiko la chini

Tandiko la mpira wa aina ya EPDM lililotengenezwa kwa ajili ya mabwawa ndilo bora, ila bei yake ni kubwa. Inayofuata ni polithini nzito ya mabwawa ya kumwagilia, ambayo mimi huipendekeza kwa watu wengi. Ile nyembamba nyeusi inayouzwa kwa mita hupasuka kwa jua letu, hasa pale ukingoni ambapo maji hayaifuniki. Ukinusa tandiko na harufu kali ya kemikali ikakupanda puani, liache dukani. Katika kupima, chukua urefu wa bwawa, ongeza kina mara mbili, kisha ongeza sentimita 30 kila upande; fanya vivyo hivyo kwa upana. Bwawa letu la mfano litahitaji kipande cha mita 3.8 kwa 3.3.

Hatua ya 2: Saruji, kama huna budi

Fundi yeyote atakushauri ujenge kwa saruji, kwa kuwa ndiyo kazi anayoijua. Bwawa hudumu, lakini saruji mpya hutoa chokaa inayoweza kupandisha pH kupita 11, ilhali ngege (tilapia) hustawi kati ya 6.5 na 9. Hata pale pH inapokuwa 9 tu, hatari nyingine hujitokeza: katika nyuzi joto 25, amonia wanayoitoa samaki huwa na sehemu yenye sumu kali isiyofika asilimia 1 kwenye pH 7, lakini kwenye pH 9 sehemu hiyo hufikia takriban theluthi moja.

Baada ya kupiga plasta, iweke na unyevu kwa siku 7 angalau. Kisha jaza maji, yaache siku kadhaa, sugua kuta kwa brashi ngumu, yamwage yote, na urudie. Usihesabu ni mara ngapi umejaza, hesabu kipimo. Maji yakikaa wiki nzima na pH ikabaki chini ya 8.5, saruji imetulia.

Hatua ya 3: Mabomba na vyuma

Tumia bomba za plastiki za maji ya kunywa, na uache gundi ya maungio ikauke kabisa. Usiweke bomba la shaba, koki ya shaba iliyozama, wala ndoo ya mabati.

Hatua ya 4: Mawe, mbao na mimea ya ukingoni

Dondoshea jiwe siki: likitoa mapovu, lina chokaa, na litapandisha pH polepole. Mawe ya itale hayana shida. Nguzo zilizotiwa dawa ya mchwa, pamoja na mbao zilizopakwa oili chafu ya gari, zisikaribie maji.

Jambo linalosahaulika ni utupa, ambao Waganda huuita muluku. Watu huupanda shambani kufukuza fuko, na majani yake yaliyopondwa yametumika tangu zamani kuvulia samaki kwa kuwalevya. Mvua ikiyasukuma hadi bwawani, kazi yake ni ileile.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, naweza kukata pipa la plastiki lililotumika?

Inategemea lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kupikia linafaa baada ya kuoshwa kwa maji moto na sabuni, kisha kusuuzwa vizuri. La dawa ya mimea au la kemikali usilichukue hata kwa bure, ndugu yangu, kwa sababu plastiki hunywa kemikali na kuzitoa baadaye. Kama muuzaji hajui lilikotoka, lihesabu kuwa la kemikali.

Paa langu ni la mabati. Je, nisitumie maji yake?

Yatumie, lakini acha mvua ya kwanza ipite, kwani ndiyo inayobeba vumbi na zinki nyingi. Mabati yaliyopakwa rangi kiwandani ni afadhali kuliko yasiyopakwa.

Na maji ya bomba ya mjini?

Yana klorini. Yaache wazi kwenye chombo kipana kwa siku mbili, huku ukiyakoroga mara kwa mara.

Mwalimu, bwawa langu la saruji limekamilika juzi na vifaranga wanafika Jumamosi. Nikiosha kwa siki inatosha?

Hapana, dada. Siki huondoa chokaa ya juu tu. Ile ya ndani ya plasta itaendelea kutoka. Mwombe muuzaji akae nao, au tandika polithini nzito juu ya saruji hiyo, juu ya magunia ya zamani yaliyo safi ili isitobolewe na plasta. Ijumaa jaza maji yaliyokwisha kutulia, pima pH, na Jumamosi uache mfuko wa vifaranga uelee juu ya maji kwa dakika 20 kabla ya kuufungua.