Somo: Kuweka jiko safi ukiwa nyumbani na mtoto mdogo

Ndugu wanachama, aliye na mtoto wa miezi 9 anayetambaa, au wa miaka 2 anayefungua kila kabati, anajua kwamba jiko lililosafishwa saa tatu asubuhi huwa halitambuliki ifikapo saa tano. Kosa nililolifanya kwa muda mrefu ni kungoja mtoto alale ndipo nianze kazi zote kwa mkupuo, na akiamka baada ya dakika 25 nabaki na sinki lililojaa na sakafu iliyopigwa deki nusu. Siku hizi nimegawa kazi kwa namna nyingine: usingizi wa mtoto ni wa kazi zenye moto, kisu, dawa za kusafishia au ndoo ya maji tu, na nyingine zote hufanyika akiwa macho, tena mbele yake. Hatua zifuatazo zinafuata mgawanyo huo.

Hatua ya 1: Anza na vilivyo chini

Kabla hujashika kitambaa, chuchumaa hadi macho yako yawe usawa wa macho ya mtoto, uangalie jiko zima kutoka hapo. Utaona mpini wa sufuria uliochomoza ukingoni, waya wa birika unaoning'inia, na kisu ulichodhani umekisukuma mbali. Dawa zote za kusafishia zitoke kwenye kabati la chini ya sinki, ambako wengi wetu tumezoea kuziweka, zihamie kabati la juu lenye komeo. Zibaki pia kwenye chupa zake za asili, kwa sababu dawa ya kuzibulia mabomba iliyomiminwa kwenye chupa ya kinywaji huonekana kwa mtoto kuwa ni kinywaji, nayo huunguza mdomo na koo mara inapogusa.

Kisha mpe mtoto kabati moja la chini liwe lake, lenye vifuniko, mabakuli ya plastiki na miiko ya mbao. Atalivuruga kutwa nzima, nawe uliache livurugike.

Hatua ya 2: Vyombo, mtoto akiwa macho

Weka beseni la maji ya sabuni ndani ya sinki, si sakafuni, na kila chombo kinachomaliza kazi kikwanguliwe mabaki kisha kiingie humo. Anza kuosha glasi na vyombo vya mtoto, fuatisha sahani, umalizie na sufuria zenye mafuta, ili maji yasichafuke mapema. Sufuria iliyoshika ukoko usipigane nayo. Itie maji na sabuni uiache nusu saa, kwani kuloweka hufanya kazi ambayo mkono ungeifanya kwa jasho. Vyombo vilivyosuuzwa viache vikauke vyenyewe kwenye kichanja, maana kitambaa chenye unyevu hurudisha vijidudu pale ulipotoka kuviondoa.

Hatua ya 3: Kiti cha kulia cha mtoto

Hapa ndipo uchafu wa jiko lenye mtoto unapoanzia, na ndipo wengi tunapopitisha kitambaa juu juu tu. Futa mara mtoto anapoinuka, kwa sababu chakula chenye wanga kikikauka hushika kama gundi, na kwa hakika wanga ndio huo huo unaotengenezewa gundi. Ukichelewa, usikwangue kwa kisu. Tandaza kitambaa kilicholowa maji ya uvuguvugu juu yake kwa dakika 5, kitabanduka chenyewe. Siku moja nilikipindua kiti chetu nikakuta chini yake, pale mikanda inapopenya, tabaka la chakula lenye ukungu wa kijani, ilhali meza yake ilikuwa inang'aa. Tangu hapo mikanda hufunguliwa na kufuliwa kila wiki. Chini ya kiti hutandika plastiki pana, ambayo baada ya mlo hukunjwa pamoja na makombo yake na kukung'utwa kwenye pipa la taka.

Hatua ya 4: Mtoto akilala

Sasa katakata nyama mbichi, safisha jiko la kupikia likiwa limepoa, na tumia dawa. Dawa ya klorini haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu, kwa kuwa uchafu huila nguvu yake. Kwa hiyo osha kwanza kwa sabuni na kusuuza. Ikiwa dawa yako ina klorini ya asilimia 5, chukua mililita 20, ongeza maji baridi hadi ipatikane lita 1, paka kwenye ubao wa kukatia, subiri angalau dakika 1, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na siki, kwa sababu hutoa gesi ya klorini, wala na dawa yenye amonia. Dirisha liwe wazi.

Sakafu ipigwe deki kuanzia pembe ya ndani ukirudi nyuma kuelekea mlangoni, na ndoo imwagwe papo hapo. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha kumzamisha mtoto, kwani kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili wake, na akiinamia ndoo huingia kichwa chini asiweze kujiinua, tena bila kelele. Mimi nilienda kupokea simu, nikarudi nikamkuta wangu ameshika ukingo wa ndoo kwa mikono miwili.

Hatua ya 5: Usiku

Sinki liwe tupu, taka zitolewe, vitambaa vianikwe. Chakula kilichopikwa kisikae nje kwa muda unaozidi saa 2.

Maswali ya wanachama

Swali: Wangu hakubali kuwekwa chini kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Mbebe mgongoni unapofuta meza, kufagia na kupanga vyombo. Kwenye jiko linalowaka usiende naye, hata mgongoni, kwa sababu mikono yake hufika mbali kuliko unavyodhani.

Swali: Dada, je, kuchemsha sponji kunatosha?

Jibu: Hupunguza vijidudu, lakini vinavyosalia huzaliana upya humo humo kwenye unyevu. Mimi nimeacha sponji. Natumia vitambaa vidogo, kimoja kwa siku, vinavyofuliwa kwa maji ya moto na kukaushwa kabisa.

Swali: Chupa za maziwa zioshwe pamoja na vyombo vingine?

Jibu: Hapana. Ziwe na beseni na brashi yake, zifunguliwe vipande vyote pamoja na chuchu, zioshwe, kisha zichemshwe angalau dakika 5 zikiwa zimezama kabisa bila hewa kubaki ndani.

Swali: Mgeni akipiga simu kwamba yuko njiani?

Jibu: Sinki na sakafu. Kwingine hatatazama.

Swali: Sisimizi wamezidi, na naogopa kupuliza dawa.

Jibu: Una haki ya kuogopa, maana mtoto hutambaa pale pale dawa inapotua. Sisimizi hufuata harufu waliyoiacha wenzao, kwa hiyo futa njia yao yote kwa maji ya sabuni, kuanzia kwenye chakula hadi kwenye tundu wanamotokea, kisha uzibe tundu.

Swali: Mtoto akishameza dawa ya kusafishia, nimtapishe?

Jibu: Usimtapishe, kwa sababu dawa kali huunguza mara ya pili inapopanda. Mfute na kumsuuza mdomo, mwahishe hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima, na uende na chupa yenyewe, kwani daktari atakuuliza kwanza amemeza nini na kiasi gani.