Kubadili sivii jointi ya nje nyumbani, Mtwara

Ukikata usukani hadi mwisho gari likalia ka-ka-ka mbele, na likanyamaza ukinyoosha, shuka uchungulie nyuma ya tairi. Huenda ni sivii jointi ya nje, kiungo cha mwisho wa shafti kinachozungusha tairi hata ukikata kona. Mara nyingi utakuta buti la mpira linalofunika jointi limechanika na grisi nyeusi imerukia ndani ya rimu. Kwa sisi wa njia za Msimbati, buti likipasuka tu mchanga unaingia na grisi inageuka msasa. Kama limechanika lakini gari halijaanza kulia, badili buti na grisi tu, mara nyingi jointi bado nzima.

Ninaeleza kwa Toyota ndogo za kuvuta mbele, kama IST na Corolla.

1. Tandika turubai safi. Gunia la korosho usilitumie, linatoa nyuzi zinazonasa kwenye grisi. Chini ya jeki weka ubao mpana, maana mchangani jeki inazama pole pole huku wewe uko chini ya gari.

2. Tairi likiwa bado chini, inua kwa tindo ukingo uliobonyezwa wa nati kubwa ya shafti iliyo katikati ya tairi, mtu akanyage breki, ulegeze nati kwa boksi namba 30 na bomba refu. Ndipo upige jeki, uweke stendi na kutoa tairi. Matofali si stendi.

3. Toa waya wa ABS (mfumo wa kuzuia tairi kujifunga ukikanyaga breki) kama upo, kisha kibano cha mpira wa breki kwenye shokapu. Weka alama, fungua bolti mbili zinazoshika shokapu na habu (sehemu inayobeba tairi). Mimi napenda njia hii kuliko kuhangaika na boli jointi, kiungo cha chini ya habu. Habu italala nje. Usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki.

4. Rudisha nati hadi ilingane na ncha ya shafti, gonga kwa kipande cha mbao. Ikilegea, toa nati usukume shafti ndani. Usiivute nje kwa nguvu, jointi ya ndani itaachana. Ifunge kwa waya.

5. Kata klipu, vua buti, futa grisi. Utaona kitovu cha chuma ambacho shafti imepita. Kigonge kwa nyundo na kipande cha shaba, pigo moja kali. Jointi inaruka kwa sababu inashikwa na pete ndogo ya waya tu. Baadhi ya magari yana pete ya kufunguliwa kwa plaizi, kwa hiyo angalia kabla hujapiga.

Sasa chukua jointi kuukuu mkononi, panda bodaboda hadi dukani. Muuzaji akisema "zote zinaingiliana", hesabu meno ya nje, kisha ya ndani, uangalie na pete ya ABS. Jino moja likizidi, haiingii.

6. Safisha meno ya shafti, yazungushie selotepu yasikwaruze buti jipya. Pitisha klipu ndogo, buti, klipu kubwa. Bandua selotepu, weka pete mpya. Minya grisi yote ya kwenye pakiti ndani ya jointi na buti. Ni ile nyeusi ya molibidenamu, usichanganye na grisi ya beringi. Gonga jointi hadi pete ilie "tik", kisha ivute: isipotoka, imekaa. Ingiza bisibisi butu ukingoni mwa buti hewa itoke, ndipo ukaze klipu.

7. Rudisha vyote kwa alama zako. Nati iwe mpya, ikazwe tairi likiwa chini. Toyota nyingi za aina hii zinataka Nm 216 (nyutoni mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Huna spana ya kupimia? Mtu wa kilo 70 akiegemea uzito wake wote kwenye bomba lililolala, sentimita 31 kutoka kwenye nati, anakaribia hapo. Halafu pita gereji wakaipime. Bonyeza ukingo wa nati kwa tindo.

Jaribu uwanjani, usukani hadi mwisho kulia na kushoto. Ikilia bado, kagua jointi ya upande wa pili kabla hujailaumu spea mpya.