Bajeti ya chakula ya mwezi kwa nyumba za Mtwara na Lindi: anza na mboga

Jamani watu wengi wakipanga bajeti ya chakula wanaanza na mchele, unga, sukari na mafuta, wanapiga hesabu vizuri kabisa, alafu ikifika tarehe 18 hela imekwisha wakati mchele bado upo ndani. Hela imeondoka kidogo kidogo kwenye mboga. Ndo maana mimi nasema anza kupanga mboga, vitu vikavu vifuate. Naandika kwa ajili ya nyumba za huku kwetu, Mtwara mjini, Mikindani, Lindi mpaka kule Masasi na Nachingwea, maana ushauri mwingi unaozunguka kwenye simu ni wa mtu wa Dar mwenye friji kubwa na supamaketi karibu na geti.

Kabla ya yote ujue nyumba yako inakula kiasi gani, usikisie. Tafuta kalamu ya maka, kila ukifungua kiroba cha unga au kidumu cha mafuta andika tarehe hapohapo juu yake, kikiisha andika kwenye daftari kimekaa siku ngapi. Fanya hivyo mwezi mmoja bila kubana chochote, watu wale kama kawaida yao. Tuseme kiroba cha kilo 25 kimekaa siku 20, maana yake mnakula kilo moja na robo kwa siku, kwa mwezi ni kilo 37 na nusu, kwahiyo viroba viwili ni chakula cha siku 40 na ukijua hivyo mwezi unaofuata huna haja ya kununua viwili tena. Na wageni usiwatoe kwenye hesabu, huku kwetu nyumba haikai mwezi bila mgeni, shangazi akishuka na basi kutoka Newala huwezi kumwambia hukumpangia.

Sasa hela yenyewe. Tuchukulie nyumba ina laki tatu ya chakula kwa mwezi, ni mfano tu, wewe weka ya kwako. Mimi ningetenga laki na nusu kwa vikavu, yaani unga, mchele, maharage, sukari, chumvi, majani ya chai na mafuta, laki na ishirini ya mboga, na elfu thelathini ikae pembeni kwa ajili ya mgeni na dharura. Mkaa au gesi iwe na fungu lake kabisa, ukiichanganya na chakula hutajua kipi kimekula hela.

Ile laki na ishirini ya mboga usiigawe kwa wiki. Mwezi hauna wiki nne kamili, una wiki nne na siku mbili tatu za mkia, na hizo za mkia ndo zinawapeleka watu dukani kukopa. Igawe kwa makumi kama tunavyoigawa Ramadhani, kumi la mwanzo, kumi la kati na kumi la mwisho, elfu arobaini kila kumi, kila moja kwenye bahasha yake. Kwa siku inakuja elfu nne lakini haina maana kila siku utumie elfu nne, siku ya samaki mzuri unaweza kwenda elfu saba na siku ya kisamvu ukatumia buku na jero tu, muhimu kumi lisivuke mpaka wake. Bahasha ikiisha siku ya nane basi siku mbili zilizobaki ni maharage au dagaa waliopo ndani, ya pili haifunguliwi. Ikibaki hela inahamia kumi linalofuata, na tarehe 31 inakula kwenye zile elfu thelathini. Kama hela yako iko kwenye simu itoe mara tatu tu kwa mwezi, ukitoa kila siku elfu tano tano makato yanakula nazi zako.

Kwenye samaki hapa nataka tukae kidogo, kwasababu ndo sehemu sisi watu wa pwani tunaweza kuokoa hela nyingi kuliko mahali pengine. Dagaa na vibua wanavuliwa usiku kwa taa, mwanga unawavuta wanakusanyika, sasa mwezi ukiwa mpevu bahari nzima ina mwanga na taa inakosa nguvu, kwahiyo wavuvi wengi wa taa siku hizo wanapumzika. Ndo maana kuna siku unafika soko la samaki la Feri bei imelegea na siku nyingine fungu lilelile limepanda na limepungua. Wala huhitaji kubahatisha, angalia kalenda yenye tarehe za kiislamu, zile zinafuata mwezi, kuanzia kama tarehe 12 mpaka 17 ni mbalamwezi kali, na mwisho wa mwezi huo mpaka siku za mwanzo za mwezi mwandamo ni giza. Fanya manunuzi ya dagaa kwenye giza. Ungana na jirani wawili watatu mnunue ndoo nzima mnadani asubuhi mgawane, hapo mnapata bei ambayo mtu wa fungu moja haioni. Wa kuweka wachemshe kidogo kwenye maji ya chumvi, waanike juani mpaka wakauke kabisa kabisa, maana unyevu wa huku ukiwafungia wakiwa nusu nusu wanaota ukungu na hela imepotea. Hao ndo watakubeba siku za mbalamwezi, pamoja na mbaazi na kunde. Na kipindi cha kusi, kama mwezi wa tano mpaka wa tisa, upepo unakuwa mkali na vyombo vidogo haviendi mbali, kwahiyo miezi hiyo usitegemee samaki kila siku, panga kunde na mbaazi ziwe nyingi zaidi.

Bahati nzuri mbaazi mpya zinaingia wakati huohuo, kuanzia mwezi wa saba hivi. Nunua za kutosha moja kwa moja kutoka kwa mkulima ukiweza, zikaushe, zihifadhi kwenye ile mifuko ya PICS yenye mifuko miwili ya nailoni ndani na wa nje wa kusokotwa, ukiukamua hewa na kuufunga vizuri wadudu waliomo wanakosa hewa wanakufa bila dawa yoyote. Mahindi pia hivyohivyo. Ila muhogo mbichi usinunue kwa wingi hata ukiwa rahisi vipi, ukishang'olewa siku mbili tatu unaanza kuharibika, chukua wa leo na kesho. Chai na muhogo wa kuchemsha asubuhi, au ming'oko ikiwa msimu wake, inapunguza sana hela ya maandazi, nawaomba msiione kama chakula cha shida.

Alafu kuna hivi vipimo vidogo. Ukinunua mafuta ya kula ya mia tano asubuhi na mia tano jioni, kwa siku 30 ni elfu thelathini. Nenda kaulize duka la jumla kidumu cha lita tano ni bei gani, alafu ulinganishe na tarehe ulizoandika kwa kalamu ya maka, utapata jibu la nyumba yako mwenyewe. Sukari na sabuni vilevile. Kwenye sado kuwa makini, sado ya unga na sado ya mchele hazina uzito sawa na kila muuzaji ana mkono wake wa kujaza, kwahiyo ukilinganisha bei omba wakupimie kwa mizani.

Vitu vinavyotoka Dar, weka akiba ya wiki mbili kipindi cha mvua. Mwezi wa tano 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ya Dar kwenda Lindi ilikatika kule Somanga na magari yakakwama. Sio lazima ujaze stoo, ukiwa na sukari, mafuta na chumvi ya wiki mbili inatosha kusubiri barabara ifunguke.

Wakulima wa korosho nyie hesabu yenu inaanzia kwingine. Hela inaingia kwa mkupuo baada ya minada, mwezi wa kumi mpaka wa kwanza hivi, na mwaka mzima unaisubiri. Hela ya AMCOS, yaani chama chenu cha ushirika, ikiingia, kabla ya pikipiki, kabla ya bati, kabla ya michango ya unyago, toa kwanza chakula cha miezi 12. Ukijua kwa mwezi mnakula laki mbili basi ni milioni mbili na laki nne, iweke akaunti nyingine au kwenye kikundi chenu cha VICOBA ambako huwezi kuichomoa kwa hasira. Na bakiza korosho kidogo za kubangua nyumbani, zikisagwa zinaunga mboga vizuri sana siku ambazo nazi imepanda.

Wale ambao mume au mke anaacha hela ya matumizi kila asubuhi, bodaboda, mafundi, wavuvi, makumi yanawezekana pia. Kila hela ikiingia toa sehemu ya vikavu kwanza, hata mia tano, iende kwenye kopo, siku ya kumi fungua ununue kiroba au kidumu. Siku yenye hela nzuri ndo ya kuongeza kopo, msiimalizie yote kwenye kuku.

La mwisho ni daftari la dukani. Kama tayari unadaiwa, mwezi wa kwanza wa bajeti usijifanye deni halipo, liandike juu kabisa, ligawe mara tatu na ulipe fungu moja kila kumi likianza kabla hujaenda sokoni, na umwambie mwenye duka mapema kwamba ndo utaratibu wako na hutachukua kingine mpaka liishe. Wengi wanakubali, wanachokasirikia ni mteja anayepita upande wa pili wa barabara.