Mgeni akishangaa Erlang usimjibu kwanza, andika

Kama unafundisha watu lugha ya programu yenye watumiaji wachache, tuseme Erlang, basi mtu anayeiona kwa mara ya kwanza ana faida kwako kuliko mkongwe yeyote, shida ugeni wenyewe haukai, ukishamweleza tu umeisha na haurudi. Kwa hiyo ukimpata mmoja mtumie vizuri.

Mpe kakazi kadogo afu nyamaza. Namaanisha nyamaza kweli na mikono isiguse kibodi yake. Mwambie afungue dirisha la amri la Erlang ajumlishe 2 + 3. Ataandika, atabonyeza enta, kimya, atabonyeza tena, kimya, ataanza kukuangalia usoni. Hajaweka nukta mwishoni, na bila nukta Erlang inasubiri tu wala haisemi inasubiri nini. Mkongwe hawezi kukuonyesha hili maana vidole vyake vinaiweka nukta vyenyewe.

Hapo andika alichofanya na alichotegemea kitokee. Akisema "imeganda hii" andika hivohivo, usiandike "hakuelewa matumizi ya nukta", hayo ni yako wewe siyo yake.

Baadaye kaa uchambue, na hapa ndo penye kazi. Malalamiko mengine ni ya macho. Erlang wataisema sana kwa alama zake, koma huku, semikoloni kule, nukta mwisho, ukihamisha kipande cha chini kukipeleka juu inabidi uguse alama tena (ilizaliwa kampuni ya simu ya Ericsson miaka ya 1980, kina Joe Armstrong walianza kuitengeneza kwa lugha nyingine, Prolog, alama zake zikabaki). Kelele nyingi ila mtu anazoea. Mengine ni ya kichwani na hayana kelele: mgeni anaandika X = 1. afu X = 2. inamgomea kwamba upande wa kulia haulingani, anabaki ametoa macho, sababu kwake = ni kuweka thamani, kumbe Erlang inalinganisha, na X ilishakuwa 1. Huyu anaweza asilalamike kabisa, anafunga kompyuta anaenda zake. Mimi hao wakimya ndo nawaogopa.

Sasa jiulize kipi kinabadilika. José Valim alipotengeneza lugha ya Elixir, ambayo vesheni 1.0 ilitoka 2014, aliacha mashine ileile inayoendesha Erlang, inaitwa BEAM, na michakato yake myepesi, hiyo ndo nguvu yenyewe, ila uandishi akaubadilisha, na jina moja unaweza kulipa thamani mpya. Wewe labda huna ubavu wa kutengeneza lugha, sawa, anza na ujumbe wa makosa. Lugha ya Elm 2015 walifanya hivo, mtengenezaji wake Evan Czaplicki aliwaomba watu wamtumie jumbe zilizowachanganya, akawa anaziandika upya zieleweke, mpaka watu wa lugha ya Rust wakaja kuchukua mawazo pale.

Wakongwe watakwambia "atazoea tu". Waitikie halafu endelea na daftari lako, wao walishazoea zamani ndo maana hawaoni.

Ukisharekebisha maelezo au ujumbe, usimrudie yule wa kwanza kupima, nukta ashaijua huyo. Tafuta mwingine ambaye hajawahi kabisa, mpe 2 + 3 ileile, afu nyamaza tena.