Darubini ya bunduki yenye teke kali
Ukitafuta darubini ya bunduki ya kuwindia nyati, kama ile ya risasi kubwa za .375 H&H au .458, usivutiwe na ukuzaji mkubwa. Ya kukuza mara 1–4 au 1.5–5 inatosha kabisa, tena ni nyepesi, kwa hiyo pete na skrubu zinazoishikilia kwenye bunduki hazibebi mzigo mkubwa kila risasi inapotoka. Angalia sana nafasi ya jicho: angalau sentimita 9 kati ya jicho lako na kioo cha nyuma cha darubini. Ikipungua, ukingo wake utakupasua nyusi, hasa ukilenga mnyama aliye juu kilimani. Futa mafuta kwenye skrubu kabla ya kukaza, kisha weka alama ndogo ya rangi nyeupe pete inapokutana na bomba la darubini. Alama ikiachana baada ya risasi kadhaa, ujue darubini inateleza.